Salamu za Bwana Khalfan na Hema la Bi Zeyana

Wanangu mnaoanza kazi, juzi mjukuu wangu Shamsa kanionesha ujumbe aliomwandikia mkuu wake wa ofisi. Haukuwa na neno hata moja, ila picha ya kidole gumba. Nikamuuliza, "Hiki kidole kinasema nini?"

"Kinasema sawa, bibi."

"Sawa umeelewa, sawa utafanya, au sawa niache nilale?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Na mimi nikacheka, kisha nikaona bora niandike haya. Nimefanya kazi ya kuandika ujumbe wa biashara maisha yangu yote ya kazi, na inachekesha kuliko mnavyodhani.

Skuli sikufika mbali. Nilisoma kidogo Unguja, kidogo hapa Omani, na kidogo nimeokota njiani. Kwa hiyo msitafute humu maneno makubwa. Mimi nilikuwa karani wa ofisi ndogo hapa Ibra, nyuma ya soko, iliyokodisha vitu vya shughuli: mahema, mazulia, masinia, masufuria ya kupikia mbuzi mzima, na madele ya kahawa. Mwenye ofisi alikuwa Bwana Khalfan, mzaliwa wa Pemba. Dereva wa lori alikuwa Seif, ambaye ndiye mume wangu. Sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Nitamtaja sana, kwa sababu nusu ya ujumbe nilioandika maishani niliuandika kwake, na karibu wote ulikuwa wa mazulia.

Nianze na Bwana Khalfan, maana bila yeye hamtaelewa kitu.

Bwana Khalfan alikuwa na adabu kupita kiasi. Akiingia ofisini asubuhi husimama mlangoni akasema, "Rahma, umeamkaje? Seif hajambo? Watoto hawajambo? Usiku mmelala salama? Joto halikuwasumbueni?" Na kila suali alisubiri jawabu lake. Ukimjibu yote kwa pamoja, "Sote wazima, Bwana Khalfan," anaona umemkatia njia, na anaanza upya. Seif, ambaye kwao walirudi kutoka Tabora na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, alikuwa akinambia, "Mke wangu, yule mzee akikusalimia wewe, mimi naweza kubadili tairi mbili."

Basi namna alivyosema ndivyo alivyoandika. Zamani alipokuwa akituma karatasi kwa faksi, salamu zilijaza ukurasa wa mwanzo, na jambo lenyewe lilikuwa ukurasa wa pili, na faksi ya mteja mara nyingi ilikwama kwenye ukurasa wa mwanzo. Mteja anabaki na salamu. Simu za kuandikia zilipokuja nilidhani tumepona. Wapi! Simu haina mwisho wa ukurasa. Bwana Khalfan alifurahi kama mtoto aliyeoneshwa bahari.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Misfat al Abriyeen, kule juu mlimani, mwenye nyumba ya wageni. Alituandikia asubuhi kuulizia magodoro. Na yeye ni mtu wa adabu, kwa hiyo alianza na salamu. Bwana Khalfan akamrudishia. Yule akaulizia mvua za Ibra. Bwana Khalfan akamjibu, akaulizia falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, na makomamanga ya Misfat. Yule akamweleza makomamanga, shamba kwa shamba. Ikaja Adhuhuri, kila mtu akaenda kusali, wakarudi wakaombeana dua. Magodoro yalitajwa jioni, na wageni wake walikuwa wamekwisha kufika na kulazwa juu ya mikeka. Lakini, wanangu, yule bwana alibaki mteja wetu mpaka ofisi ilipofungwa. Hakuwahi kwenda kwa mwengine. Hilo nalo mlikumbuke kabla hamjamcheka Bwana Khalfan.

Mambo ya kazi niliyajifunza kwa kuungua. Msiandike "kesho." Ujumbe unaandikwa leo na mtu anausoma kesho, na kesho yake si kesho yako. Andikeni Jumatatu, andikeni Alkhamisi, na kama ni asubuhi semeni kabla au baada ya sala gani. Msiulize mambo mawili kwa pamoja. Niliwahi kumuuliza mteja wa Izki kama anataka hema la wazi au lenye kuta, akanijibu, "Naam." Nikamuuliza naam ipi, akanijibu, "Naam, bibi, Mungu akuweke."

Na mkijibiwa "Inshallah," furahini, lakini msipakie lori. Muulizeni kwa upole, "Inshallah saa ngapi?" Kama ana nia atakutajia saa. Kama hana atakutumia picha ya waridi.

Na mahali! Msiandike "peleka sablani." Sabla ni baraza la ukoo, mnajua, na kijiji kimoja kinaweza kuwa na sabla kadhaa, kila ukoo na yake. Seif aliwahi kuandikiwa hivyo na mteja, akaenda kwenye sabla ya kwanza aliyoiona. Wazee wakamkaribisha, wakamletea tende na kahawa. Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajanywa. Naye kwa adabu hakuulizwa, kwa hiyo hakusema. Akamaliza kahawa, akatandika mazulia yetu mazuri ya harusi, ukuta kwa ukuta. Wazee wakamwangalia, wakayasifu, wakamshukuru. Alipotoka mmoja akamfuata nje taratibu, akamuuliza, "Mwanangu, haya ni hidaya kutoka kwa nani?" Ilibidi ayakunje tena, na wakamsaidia kuyakunja, na wakampa kahawa nyengine.

Sasa nije kwenye hema la Bi Zeyana.

Bi Zeyana alikuwa mjane wa vijiji vya Dima wa Tayyin, kule milimani. Alikulia Unguja kama mimi, na alikuwa na binti mmoja tu, hana mwengine. Harusi ya binti huyu ilikuwa imekwisha kuahirishwa, kwa sababu babu yake bwana harusi alifariki. Halafu ikaahirishwa tena kwa maradhi ya mtu mwengine. Mama wa bwana harusi hakuipenda harusi ile tangu mwanzo, naye akasema wazi mbele za watu: ikiahirishwa tena, basi si riziki, kila mtu ashike lake. Bi Zeyana alinipigia simu akalia. "Rahma, dada yangu, nimebaki na kitu gani duniani? Nipelekee hema langu. Nikiwa na hema, hata wali usiive, watu watakaa na harusi itakuwa."

Nikamwahidi. Mwajua, mtu akilia kwenye simu unamwahidi na usichokuwa nacho.

Harusi ilikuwa Alkhamisi. Jumatano asubuhi Seif aliondoka Ibra na lori lake, limepakia chini viti vya watu wa Sur, ambao shughuli yao ilikuwa bado, na hema la Bi Zeyana juu. Mpango ulikuwa aende Sur kwanza, arudi, na Alkhamisi alfajiri apande milimani. Kabla hajafika mbali, Bi Zeyana akapiga simu ofisini. Mawingu yamesimama juu ya milima, na wanakijiji wanasema mvua ni leo baada ya Alasiri. Na mvua ikinyesha kule, wadi, lile bonde kavu ambalo barabara yao inalikata, linageuka mto, na hapiti mtu wala gari mpaka lipende lenyewe. Hema likingoja mpaka Alkhamisi, halifiki.

"Mgeuze Seif," nikamwambia Bwana Khalfan.

Mtasema, si mngempigia simu? Seif alikuwa hapokei simu akiwa anaendesha. Nilimwapisha mimi mwenyewe, baada ya kutoka nje ya njia pale karibu na Izki akizungumza na mama yake. Alisimama kila baada ya mwendo, kwenye kibanda cha chai ya maziwa, akasoma ujumbe wake, akaendelea. Kwa hiyo ilikuwa lazima tuandike.

Bwana Khalfan akachukua simu yake akaandika. Akaandika. Mimi nimesimama juu ya kichwa chake nahisi kama naungua. Alimaliza, akausoma tena, akaongeza dua, akautuma. Alama zikawa za buluu: Seif kausoma. Mara kikaja kibandiko cha waridi na maneno, "Wa alaykum salaam Bwana Khalfan, mama hajambo anakusalimu." Kisha kimya.

"Amesoma," Bwana Khalfan akasema, ametulia kabisa. "Anageuka."

Mimi nilimjua mume wangu. Mtu anayegeuza lori lililojaa hatumi waridi.

Sasa, kidogo kabla ya hapo, Bwana Khalfan alinipeleka Nizwa kwenye mafunzo ya kuandika ujumbe wa biashara. Mwalimu alikuwa kijana mmoja nadhifu, msemaji mzuri, na kila alilotufundisha lilikuwa kweli. Alisema mteja hana wakati. Alisema ujumbe mzuri unaanza na tendo. Alisema salamu ni kama maganda, mtu anataka ndizi. Nilimpenda sana yule kijana. Nikajiambia, Rahma, leo ndiyo siku ya ndizi.

Nikachukua simu yangu, nikaandika ujumbe mfupi kuliko wote niliopata kuandika:

"Seif. Usiende Sur. Rudi Ibra sasa hivi."

Nikautuma, nikakaa, nikajiona mtu wa Maskati.

Wanangu, mmezaliwa huku na simu mkononi, pengine hamjui. Kwetu sisi mtu aliye safarini hapewi habari ya msiba kwa simu. Anaambiwa "rudi nyumbani," basi. Haambiwi kwa nini. Akifika anaona viatu vingi mlangoni, ndipo anajua. Nilikuwa nalijua hilo tangu utoto, nimelifanya mwenyewe kwa watu, na siku ile halikunipitia akilini hata chembe. Nilikuwa nafikiria ndizi.

Seif aliusoma ujumbe wangu kwenye kibanda cha chai. Hata chai, alinambia baadaye, aliiacha juu ya kofia ya injini. Akanipigia, na simu yangu inazungumza, maana nilikuwa nampoza Bi Zeyana. Akampigia dada yake, Thuwaiba, hapa hapa Ibra.

"Thuwaiba, kumetokea nini huko?"

"Kumetokea nini wapi?"

"Rahma kaniandikia nirudi. Hakunisalimu."

Thuwaiba akasema, "Hakukusalimu? Rahma?"

"Hata bismillahi."

"Inna lillahi," akasema Thuwaiba. "Njoo. Njoo polepole, ndugu yangu, usikimbize gari."

Na hivyo, wanangu, ndivyo kazi ya simu ilivyo. Mimi nilitumia asubuhi nzima kugeuza lori moja nisiweze. Thuwaiba aligeuza ukoo wote kabla chungu hakijachemka.

Mimi niko ofisini nimekaa na ufahari wangu, nasikia magari nje. Nachungulia, namwona wifi yangu Thuwaiba anashuka, na nyuma yake shangazi zake Seif, na majirani, na wanawake wa mtaa wa pili nisiowajua majina. Wamevua dhahabu yote. Wanja wamefuta. Hakuna harufu ya udi. Juzuu kwapani, machupa ya kahawa mkononi, na mmoja kabeba kabisa sufuria na gunia la mchele. Thuwaiba akanikumbatia akalia.

"Rahma, masikini wewe. Nani?"

"Nani nini?"

"Nani kafariki?"

"Hajafariki mtu!"

"Usinifiche, Rahma. Mimi mtu mzima, nimeshazika wengi."

"Wallahi hajafa mtu, wifi!"

Akawageukia wenzake akawaambia kwa sauti ya chini, "Hajaweza kusema. Mwacheni."

Wakanikalisha kwenye kiti changu mwenyewe. Mmoja akanipepea. Mwengine akanipa maji ya kunywa akanambia nimeze mate kwanza. Bwana Khalfan aliposikia vilio akatoka chumbani kwake, na wale wanawake walipomwona nikasikia mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Ah, basi si yeye." Na yeye, badala ya kuuliza kuna nini, akasimama mlangoni akaanza, "Assalamu alaykum. Mmeamkaje? Hamjambo nyote? Majumbani hawajambo?" na kusubiri kila jawabu. Alipofika mwisho ndipo akauliza, "Na mmekuja kwa kheri?"

"Kwa msiba, Bwana Khalfan," Thuwaiba akasema.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Msiba wa nani?"

"Hatujui bado."

"Basi tungoje," Bwana Khalfan akasema, akavuta kiti akakaa nao.

Nilikuwa bado nawaapia kwa kila kitu cha kuapiwa pale lori la Seif lilipoingia uwanjani. Hakulizima. Akaruka chini, akaona magari, akaona viatu mlangoni, viatu vingi. Akashika ubao wa lori.

Nikatoka nje.

Aliniangalia kama mtu anayeangalia kitu kinachotaka kupotea. Akasema polepole, "Wewe mzima?"

"Mimi mzima. Kwani nini?"

"Nilijua ni wewe," akasema. "Nilisema Rahma hawezi kuniandikia vile. Nikasema kuna mtu kachukua simu yake ananiandikia, kwa sababu yeye mwenyewe hayupo."

Akakaa chini pale pale vumbini, na akaanza kucheka, na machozi yanamtoka, na mimi nikakaa karibu yake na buibui langu safi la ofisini. Wale wanawake mlangoni hawakujua walie au wacheke, kwa hiyo walifanya yote mawili.

Halafu nikakumbuka. "Seif! Hema!"

"Hema gani?"

"La Bi Zeyana! Mvua inakuja, wadi linashuka, hema lazima livuke leo! Hukusoma ujumbe wa Bwana Khalfan?"

"Nimesoma. Kaniuliza hali ya mama."

"Chini yake!"

"Chini kulikuwa na kitu?"

Akatoa simu, akashusha kwa kidole, akashusha, akashusha, akapita waridi, akapita dua ya safari, akafika. "Loo," akasema. "Kumbe." Na Bwana Khalfan nyuma yetu akasema, bila hasira yoyote, "Nilikuandikia, mwanangu."

Sasa hapo ndipo Thuwaiba alipoonesha damu yao. Akasimama katikati ya wanawake wake, akawatazama, akatazama sufuria, akatazama gunia la mchele. "Mimi nimeshaaga nyumbani kwangu kwamba sirudi leo," akasema. "Mume wangu kala chakula cha jana kwa ajili hii. Nani ana haraka?"

Hakuna aliyekuwa na haraka. Mtu akishaaga kwenda msibani, siku hiyo yake yote. Wakapanda magari yao, machupa ya kahawa mapajani, na wakamfuata Seif, nami nimekaa naye kwenye lori.

Tulilivuka wadi likiwa kavu, mawe meupe, hata mbuzi wamelala katikati. Tulipofika kijijini Bi Zeyana alikuwa amesimama barabarani. Alipoliona lori alilikimbilia. Aliligusa hema kwa kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto. Seif na vijana wa kijiji wakalisimamisha, wakazika kamba kwa mawe, na walipomaliza mvua ikaanza. Jioni tulisikia wadi linashuka, linanguruma kama magari mengi. Barabara ikakatika nyuma yetu. Hakuna tena aliyeweza kuja, wala sisi kuondoka. Bwana harusi, namshukuru Mungu, alikuwa wa kijiji cha jirani, upande ule ule wa maji, na wapishi waliokodiwa kutoka Ibra walikuwa upande mwengine.

Kwa hiyo harusi ya binti wa Bi Zeyana ilipikwa na watu waliokuja matangani. Thuwaiba alishika upawa tangu alfajiri. Mama wa bwana harusi alipowasili, akawatazama wale wanawake, shingo tupu, mikono mitupu, macho bila wanja, akasema ili asikiwe, "Wageni gani hawa wa harusi, hata kipuli hawana?"

Thuwaiba hakuinua kichwa kutoka kwenye sufuria. "Dhahabu tumeiacha nyumbani, dada yangu, ili leo aonekane bibi harusi peke yake. Wewe hukuambiwa?"

Nikamwona yule mama, wallahi nilimwona kwa macho yangu, anaingia nyuma ya pazia, na anatoka bila bangili zake zote isipokuwa moja. Harusi ikaendelea. Bi Zeyana alizunguka na chetezo cha udi akituvukiza sote nguo zetu za msibani, na kila akifika kwangu anasema, "Rahma, ujumbe wako! Ujumbe wako!" na anashindwa kumaliza kwa kicheko.

Tulikaa kule mpaka wadi lilipokubali. Siku ya kurudi, ndani ya lori, Seif akanambia, "Sikiliza, mke wangu. Umeniua kwa presha, lakini lori umeligeuza. Niandikie ufupi upendavyo. Lakini kwanza nambie kama mko wazima. Nikishajua hilo, hata ukinambia ghala limeungua nitakunywa chai yangu."

Ikawa ndiyo kanuni ya ofisi yetu. Kila ujumbe ulianza, "Sote wazima." Halafu jambo lenyewe, mahali, siku, sala gani. Halafu chini, Bwana Khalfan aandike salamu mpaka achoke. Alinung'unika mwanzo. Alisema huko ni kumuuliza mgeni shida yake kabla hajanywa kahawa. Lakini baadaye aligundua kwamba wateja walikuwa wanazisoma salamu zake zote, kwa raha, kwa sababu shida yao imekwisha kujibiwa. Wengine walimwandikia kuomba zile za Idi. Nilimwandikia na yule mwalimu wa Nizwa kumweleza habari ya maneno yale mawili, na akanijibu kwamba atayaweka kwenye mafunzo yake. Sijui kama aliyaweka. Alikuwa kijana mzuri, naamini aliyaweka.

Miaka yote iliyofuata niliandika maneno yale. "Sote wazima, Seif, sinia za Sur ni za mviringo." "Sote wazima, pita kwa fundi." "Sote wazima, nunua vitunguu." Hata tulipostaafu sote, ofisi imefungwa na Bwana Khalfan kahamia Sur kwa mwanawe, Seif akiwa barazani na mimi jikoni, aliniandikia kutoka barazani, "Mimi mzima. Chai?"

Alifariki asubuhi, amekaa kwenye kiti chake. Ilikuwa kazi yangu kuwaandikia watu, kwa sababu katika nyumba ile mimi ndiye niliyeandika siku zote. Nikachukua simu. Vidole vyangu vikaandika vyenyewe, "Sote wazima."

Niliyaangalia maneno yale. Kisha nikayafuta, herufi moja moja, kwa sababu sijui kudanganya.

Nikaandika: "Assalamu alaykum. Seif amefariki asubuhi hii, nyumbani. Atasaliwa baada ya Adhuhuri, msikiti wa mtaani kwetu, Ibra. Wanaume sablani kwa ukoo wake, nyuma ya msikiti. Wanawake nyumbani." Nikausoma tena nione kama pana mtu anaweza kupotea. Hakupotea mtu. Walikuja kutoka Sur, kutoka Izki, Bi Zeyana alikuja kutoka milimani na binti yake na wajukuu, na kila mmoja alisema vile vile: alijua tangu salamu ya mwanzo, kwa sababu maneno yale mawili hayakuwepo.

Bwana Khalfan alinijibu kabla ya wote. Katika maisha yake hajawahi kuandika ujumbe kama ule, na sidhani kama aliandika mwengine. Aliandika, "Naja."

Basi.

Alifika, na mimi nimeshaingia eda, kwa hiyo hakuweza kuniona. Alisimama nje, mlango umerudishwa, na mimi nimekaa nyuma yake na wanawake wangu, Thuwaiba yuko pembeni yangu. Nikamsikia anakohoa. Nikasikia ile sauti ya kila asubuhi.

"Rahma, umeamkaje?"

"Alhamdulillahi, Bwana Khalfan."

"Seif ha…"

Akasimama. Wanawake wote wakaangalia chini. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Nilicheka kwa sauti, kama siku ile vumbini, na nikasikia upande wa pili wa mlango mzee wa watu anacheka na kulia, na Thuwaiba ananifinya mkono huku anacheka yeye mwenyewe. Tukakaa hivyo mpaka tukatulia.

Akakohoa tena. Akaendelea pale alipoachia.

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, Bwana Khalfan."

"Usiku mmelala salama?"

"Salama."

"Joto halikuwasumbueni?"

Aliziuliza zote, na kila moja akasubiri jawabu lake. Na mimi nilizijibu moja moja, sikuzikusanya.